Elfu kumi kwa siku, watu sita: mlo kamili natoa wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 31 na watoto watatu: wa miaka 11, wa miaka 8, na mdogo wa miaka mitatu na nusu. Tunaishi Mbagala na mume wangu, anaendesha bodaboda, pamoja na mama mkwe ambaye ana presha. Mimi nauza mitumba ya watoto. Natenga 10,000 ya chakula kila siku, na nimeandika kwenye daftari inavyokwenda: maandazi na chapati za asubuhi 2,400, sukari 700, mkaa 1,500, mafuta ya kujipimia 900, unga na mchele 3,000, mboga pamoja na nyanya na vitunguu 1,500. Friji hatuna. Mwezi uliopita kliniki waliniambia uzito wa mdogo haujapanda miezi mitatu na damu yake iko chini kidogo, wakasema nimpe mlo kamili. Kila ninayemuuliza ananitajia nyama, maziwa, mayai na matunda kila siku. Hiyo hela natoa wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekaa na daftari lako hilo jioni nzima, maana ni watu wachache sana wanaoniandikia wakiwa wameshaandika matumizi yao. Wengi huniuliza wale nini, na mimi hubaki kubahatisha. Wewe umenipa pa kuanzia.

Hebu tuyasome pamoja. Vitafunwa vya asubuhi na sukari ni 3,100. Ukiongeza mafuta ni 4,000. Yaani katika kila elfu kumi, elfu nne inakwenda kwenye ngano iliyokaangwa, sukari, na mafuta ya kukaangia vingine. Elfu tatu ni unga na mchele. Mkaa unachukua elfu moja na mia tano. Mboga, ambayo ndiyo inayojenga mwili wa mtoto na kumwongezea damu, inapata 1,500, na humo humo zimo nyanya na vitunguu. Inapata sawasawa na mkaa. Hapo ndipo penye shida yako, mwanangu, na siyo kwamba huna hela ya nyama. Nakuomba usiongeze hata shilingi. Tutahamisha tu, kutoka huko juu kuja kwenye mboga.

Kabla hatujahamisha, nikutoe hofu kuhusu hilo neno mlo kamili. Limewaumiza akina mama wengi, kwa sababu linasikika kama karamu. Maana yake ni kwamba ndani ya siku, vile watu wanavyokula nyumbani mwako viwe vimetoka katika makundi mbalimbali: nafaka, mizizi au ndizi za kupika, jamii ya kunde pamoja na karanga na mbegu, vya asili ya wanyama, mboga za majani, matunda, na mafuta kidogo. Nyama ni mmoja tu katika kundi lake. Dagaa yumo humo humo, na nitakuambia kwa nini kwa hali yako dagaa anamshinda ng'ombe.

Tuanze asubuhi, maana ndiko hela inakovuja. Andazi moja la 200 ni unga mweupe, sukari na mafuta. Mtoto anashiba saa mbili, saa nne ana njaa. Kwa nusu ya hiyo 2,400 unapata mihogo, viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha ya kuwatosha wote sita. Ukikuta viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa ndani, vichukue hata kama ni vidogo. Rangi hiyo ndiyo inayogeuka vitamini A mwilini. Siku mbili au tatu kwa wiki pika uji wa dona au wa ulezi, uukoroge na karanga zilizokaangwa na kusagwa. Simaanishi maandazi yafutwe kabisa nyumbani. Jumapili mle, tena mpike wenyewe. Ila yasiwe kifungua kinywa cha kila siku.

Hapa niseme kidogo kuhusu unga wa lishe, kwa sababu najua jirani atakushauri. Ule mchanganyiko wa vitu saba au kumi, mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, ulezi, vyote vimesagwa pamoja na kukaa kwenye ndoo miezi miwili, siupendi. Karanga zikisagwa na kukaa, mafuta yake yanachacha. Soya ikisagwa mbichi inazuia tumbo kumeng'enya protini. Lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza. Na katika vitu kumi, kimoja kikiwa na ukungu, umeharibu ndoo nzima. Nafaka moja, ongeza karanga za siku hiyo hiyo wakati wa kupika, inatosha.

Sasa dagaa. Nyama ya ng'ombe ya kuchemsha unayoipata kwa elfu tatu, ukiigawa kwa watu sita, kila mmoja anapata vinofu viwili na mchuzi. Dagaa wakavu wa hela hiyo wanapika mara mbili au zaidi, na zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, maana maji yote yamekaukia juani. Halafu mtoto anamla dagaa na mifupa yake. Hiyo ni kalsiamu ambayo kwenye nyama ni kidogo mno, na wewe maziwa ya kila siku huyawezi. Ndiyo maana nasema dagaa anamshinda ng'ombe.

Lakini ujue kuwachagua. Shika wachache kiganjani. Dagaa mzuri anang'aa fedha, ni mkavu, ukimkunja anakatika. Akiwa mwekundu au wa kahawia na ananuka mafuta yaliyochacha, mwache, hata muuzaji akipunguza bei. Wale walioanikwa chini wana mchanga. Walioanikwa kwenye chanja ni ghali kidogo ila hutupi kitu. Nyumbani watoe vichwa kama ni wakubwa, waoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu mara tatu hadi maji yawe meupe, wachuje, kisha wakaushe kwenye sufuria kavu dakika chache kabla ya kuweka mafuta. Hiyo hatua ya sufuria kavu ndiyo inayoondoa shombo, na ndiyo inayokuokolea mafuta, kwa sababu dagaa aliyelowa hunywa mafuta kama sifongo. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta, kitunguu, nyanya nyingi, ndimu mwishoni.

Wa mdogo wafanyie hivi: chukua dagaa waliosafishwa na kukauka kabisa, wakaange bila mafuta, wasage au watwange wawe unga, weka kwenye chupa yenye kifuniko. Kijiko kimoja cha chakula changanya kwenye mchuzi wake wa maharage au kwenye mchicha wake. Hataona, hatabagua. Saga unga wa wiki moja tu kwa wakati.

Maharage mnakula, lakini kwa mkaa wako yanakugharimu mara mbili. Yaloweke usiku kucha, uyamwage yale maji asubuhi, uweke mengine. Kuloweka kunapunguza muda wa jikoni, kunapunguza gesi tumboni, na kunapunguza vile vitu vilivyomo kwenye maharage vinavyoshika madini ya chuma yasiingie mwilini. Usiweke magadi. Najua yanaivisha haraka, lakini yanaua vitamini B1, na magadi ni ndugu wa chumvi. Mama mkwe wako ana presha.

Kwa kuwa hamna friji, pika nusu kilo asubuhi, kwenye moto huo huo uliochemshia viazi, na mama abaki anaangalia sufuria wewe ukienda kwenye mitumba. Yakiiva gawa mara mbili. Nusu ungeni mchana na nyanya na kitunguu. Nusu iliyobaki iacheni bila kiungo chochote, imefunikwa, ichemshwe tena hadi itokote, na usiku ndipo utie nazi. Nazi ikishaingia chungu hakilali. Wengi wanaunga yote mchana kwa nazi, jioni yamechachuka, wanamwaga, na hapo ndipo nusu ya hela ya maharage inapotea bila mtu kuiandika daftarini.

Ukichoka na maharage usirudi kwenye nyama kwa hasira. Kuna choroko, kunde, mbaazi, dengu. Choroko na dengu zilizopasuliwa zinaiva upesi kuliko maharage, ni nzuri siku mkaa unapokuwa umebaki kidogo.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ni jambo la damu ya mtoto wako. Chai. Umeandika sukari ya 700 kila siku, nikajua chai inanyweka sana nyumbani, na najua desturi yetu, mtoto anakula ugali na maharage huku kikombe cha chai kiko pembeni. Majani ya chai, ya rangi au ya maziwa, yanashika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, yanatoka nayo. Unapika vizuri, unamlisha vizuri, kisha kikombe kinakuibia. Mdogo usimpe chai kabisa. Wakubwa wanywe saa moja au zaidi baada ya kula. Na upande wa pili, chochote chenye vitamini C kikiliwa pamoja na chakula kinafanya chuma kiingie zaidi: ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, kipande cha papai au chungwa mezani, kachumbari ya nyanya mbichi na pilipili hoho. Tunda lile lile ulilokuwa unampa saa kumi jioni, mpe na maharage. Hela haijaongezeka, faida imeongezeka. Siku moja moja nunua robo ya maini, uyakate madogo madogo, watoto wapate kwanza. Ni machache kwenye bucha yanayoongeza damu kama maini, na yana vitamini A kwa wingi.

Mboga za majani nataka zionekane kila siku, angalau mara moja, na ikiwezekana mara mbili. Hizi ndizo rahisi kuliko vyote gengeni na ndizo tunazoziharibu kuliko vyote jikoni. Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, upikwe kwa dakika chache na maji kidogo, ufunikwe. Usichemshe ukakamua maji ukayamwaga. Umemwaga vitamini ukabaki na nyuzi. Kisamvu peke yake ndicho kina sheria nyingine: kitwangwe na kichemshwe muda mrefu bila kufunika hadi kiive kabisa, kwa sababu kina sumu ikiwa kibichi. Masika yakipamba moto mchicha hupanda bei, hamia kwenye matembele. Tena matembele usinunue milele. Omba vikonyo kwa mtu, jaza udongo na samadi kwenye viroba viwili, chomeka, mwagilia maji ya kuoshea mchele. Nyumba za kupanga za Mbagala nazijua, uwanja ni mdogo, lakini viroba viwili ukutani havimzuii mtu kupita.

Kuhusu unga, ningependa mle dona. Sembe imekobolewa, kiini na ganda vimebaki mashineni, na humo ndimo mlikuwa na vitamini za kundi B, nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya madini. Watoto wakikataa, changanya nusu kwa nusu. Ila dona ina sharti: mahindi yawe safi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa kwenye nafaka na karanga, ambayo huioni na kupika hakuiondoi. Nunua mahindi Tandika au Tandale, yaanike, kaa na mama mkwe muyachambue punje kwa punje: iliyooza, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyotobolewa na wadudu, nje. Karanga vile vile. Na usimpe kuku zile mbovu, kwa sababu sumu inarudi kwenye mayai. Saga dona ya wiki mbili tu, haikai kama sembe.

Mama mkwe hahitaji sufuria yake. Anahitaji sufuria ya nyumba nzima ipungue chumvi, na nyote mtafaidika. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, na hicho ni pamoja na iliyojificha. Imejificha kwenye magadi, kwenye vile vidonge vya mchuzi na viungo vya pakiti, na kwenye dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kama wengi wa baharini. Hao waloweke, mwaga maji, na usiongeze chumvi tena. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili manga vitashika nafasi. Chumvi yenyewe iwe ya pakiti, yenye madini joto, na kikopo kifunikwe.

Haya, hesabu. Kwa siku, kwa wastani, gawa hivi: kifungua kinywa 1,200, sukari 400, mkaa 1,300, mafuta 600, unga na mchele 3,000 kama ilivyo, na mboga, matunda na viungo 3,500. Jumla ni elfu kumi ile ile. Mboga imetoka 1,500 imefika 3,500.

Sukari utaifikisha 400 kwa kupunguza kijiko kimoja kimoja kwenye kikombe kila wiki, ulimi huzoea. Mafuta utayafikisha 600 kwa kuacha kujipimia. Kila unapokwenda dukani kwa Mangi na kikombe unalipa zaidi kwa kila tone, na ukifika nyumbani unamimina yote kwa sababu yalikuwa ya leo. Nunua chupa ya lita iliyofungwa, ya kampuni inayoandika kwamba imeongezwa vitamini A, iweke mahali pasipo na jua, na upime kwa kijiko. Najua tatizo ni mtaji, hela ya lita huna kwa siku moja. Kama mna mchezo wa kupeana hela hapo mtaani, zungumza na wenzako wawili mnaoaminiana mnunue maharage, mahindi na mafuta kwa pamoja kila mwisho wa mwezi, mgawane kwa mizani. Nimeona vikundi vya akina mama watatu tu vikidumu miaka.

Hizo 3,500 kwa wiki ni 24,500. Mimi ningezigawa hivi, ukiweka bei za gengeni kwako: maharage kilo moja na nusu 4,500, choroko nusu kilo 1,500, dagaa 4,500, mayai sita 3,000, karanga robo 1,000, majani ya 500 kila siku, 3,500, nyanya, vitunguu na ndimu 3,500, matunda 3,000. Bei zikicheza, badili kiasi, ila usiguse dagaa wala majani kwanza. Wiki ya maini, toa mayai manne. Wiki mume wako akipita soko la Feri akapata samaki wa bei nzuri, punguza dagaa. Matunda fuata msimu bila aibu: machungwa yanapojaa mjini katikati ya mwaka kula machungwa, embe zikishuka mwisho wa mwaka kula embe, na miezi iliyo kati ya misimu hiyo papai na ndizi vipo. Juisi ya pakiti usiihesabu kama tunda.

Milo kumi na minne ya mchana na usiku itajipanga yenyewe: maharage kama mara sita, dagaa mara nne, choroko mara tatu, na siku moja ya mayai au maini. Majani pembeni kila siku. Bandika karatasi jikoni uione, ili saa kumi na moja jioni ukiwa umechoka usilazimike kufikiri. Uchovu wa jioni ndio unaotupeleka kwenye chipsi.

Nimemwacha mdogo mwishoni kwa sababu hata ukifanya yote hayo, kuna kitu kimoja kinaweza kumfanya abaki vile vile. Anakula sinia moja na kaka na dada zake, sivyo? Wa miaka 11 anapiga tonge tatu, yeye bado anapuliza la kwanza. Mnunulie sahani yake. Mpakulie ugali wake, mboga yake, majani yake, ukae naye, uone amekula kiasi gani. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo milo mitatu haimtoshi. Mpe kitu saa nne na saa kumi, ndizi mbivu, kipande cha kiazi, uji mzito wenye karanga. Karanga ziwe za kusagwa, nzima zinaweza kumkaba. Mayai sita ya wiki, matatu ni yake, moja kila baada ya siku moja au mbili. Na mboga ikiwa chache mezani, watoto na bibi wapakuliwe kabla yetu wakubwa. Mweleze mume wako sababu, naamini atakubali.

Chakula peke yake hakitoshi damu ikiwa imeshapungua. Minyoo inanyonya damu na malaria inaiharibu. Uliza kama alipata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A. Hutolewa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kama kliniki wamempa dawa ya kuongeza damu, ampe mtu mmoja tu nyumbani, kila siku, hadi iishe, hata akionekana amechangamka. Kinyesi kitakuwa cheusi, usiogope. Alale kwenye chandarua. Akipata homa, akivimba miguu, akiwa mweupe viganjani au akikataa kula siku mbili, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo.

Mpime tena baada ya wiki nne, kwenye mizani ile ile, asubuhi, nguo nyepesi. Uniandikie namba, na ukurasa mwingine wa daftari.